Mapigo ya Mguu wa Kulia

3 Machi

Mpwa wangu Daktari Nusu,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Mimi mzima, ukiondoa masikio ambayo unayajua na mguu ambao nataka kukueleza. Natumai wewe unakula. Ulipokuja mara ya mwisho ilibidi gauni lako nilipunguze pande zote mbili, na mtu anayesomea miili ya watu angalau wa kwake autunze.

Simu usipige. Nikiiweka sikioni nasikia kama mtu anakaanga kitu. Andika.

Ni hivi. Shavu la mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, linanikaza. Suruali ya kwanza naimaliza vizuri. Nikifika ya pili linakaza kama limekamatwa kwa nyuma, mpaka nisimame. Nikipumzika dakika tano linaachia. Nikienda kununua uzi ni hivyo hivyo, nasimama njiani mara mbili najifanya naangalia bidhaa za watu. Kinyozi wa mlango wa pili anasema ni baridi. Huyo hata jino likiuma anasema ni baridi.

Sikufichi, naogopa. Tangu mke wangu afariki sina kingine zaidi ya kazi, na kazi yenyewe iko kwenye mguu huu. Niambie walichokufundisha.

Mjomba wako

14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nakula, na gauni sasa linabana kidogo, furahi. Pole sana na mguu. Umeuliza wakati wake, maana wiki tatu sasa tunasoma mguu tu, kuanzia nyuma ya goti hadi unyayo. Tuko wanane kwa maiti moja, mzee ambaye aliacha wosia mwili wake utusomeshe. Mimi nilipewa mguu wa kulia.

Kunja goti kidogo, upitishe mkono nyuma yake. Hapo pana kibonde. Ukiondoa ngozi, kina umbo la uru wa karata: juu kimebanwa na misuli ya paja, chini na vichwa viwili vya shavu la mguu. Ndani mna mafuta, na katikati ya mafuta wanapita watatu: neva, halafu vena, halafu ateri, ambayo imejificha chini kabisa karibu na mfupa. Huo ndio mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na kila kilicho chini ya goti kinakula kwake. Ukishuka kidogo unagawanyika. Tawi moja linapenya mbele, linafuata muundi na kutokeza juu ya mguu. Jingine linateremka ndani ya shavu, linapita nyuma ya ule mfupa wa kifundo, upande wa ndani, na kuingia unyayoni.

Msuli ukifanya kazi unataka damu nyingi. Mshipa ukiziba, damu haitoshi na shavu linakaza. Ukipumzika linaachia. Mjomba, hicho ndicho ninachokiogopa, na sigara zako ndizo za kwanza kuziba mishipa.

Kila asubuhi, kabla hujashuka kitandani, weka kidole juu ya mguu, katikati ya mgongo wake, ubonyeze taratibu na usubiri. Kisha weka nyuma ya mfupa wa kifundo, upande wa ndani. Ukihisi kitu kinapiga, damu inafika. Usipohisi kitu sehemu zote mbili, acha hata mshono uliouanza, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mpwa wako

25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera kwa hilo gauni. Nimeisoma barua yako mara tatu, nyingine kwa sauti mbele ya kinyozi, na sasa hasemi tena habari za baridi.

Nimeyapata hayo mapigo. Mwanzoni nilidhani unanitania, mtu akajipapase mguu kama anatafuta funguo. Lakini nilipobonyeza na kutulia, kweli, kitu kinapiga. Juu ya mguu kinapiga, nyuma ya kifundo kinapiga. Miaka yote natembea na hiki kitu wala sikujua. Nilicheka peke yangu kitandani.

Sasa nisikilize. Hospitali ya hapa ukienda asubuhi unatoka jioni, na wanakuambia urudi kesho. Nina sare za shule mia moja na ishirini, mwalimu mkuu anazitaka mwanzoni mwa Juni. Kwa kuwa damu inafika, naweza kusubiri nizimalize? Sigara nimepunguza, usiulize kwa kiasi gani.

Mjomba wako

6 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Habari za hapo? Huku salama, ila mitihani imetushika shingo.

Ningependa uende leo. Lakini nakujua, hutaenda, na kama mapigo yapo pande zote mbili si jambo la dharura. Basi maliza sare, ila pima kila asubuhi, usiruke hata siku moja. Yakipotea tu, nenda. Sigara acha kabisa.

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Afya ni hii hii. Sare zimebaki thelathini na nane. Nashona suruali nusu, napumzika, nashona nusu nyingine, na mwalimu mkuu anapita kila siku kuniangalia kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Mguu umekuwa wa baridi, soksi hazisaidii. Nikilala unauma, nikiuning'iniza nje ya kitanda unapungua. Ningekuwa na wasiwasi mkubwa, lakini kila asubuhi napima na mapigo yapo, kwa nguvu ile ile ya siku ya kwanza. Kwa kweli hicho ndicho kinachonipa moyo wa kuamka.

Mjomba wako

11 Juni

Mpwa wangu,

Natumai hujambo na mitihani imepita salama. Naandika nikiwa wodini, kwa kalamu ya muuguzi, na anaitaka.

Mguu wameukata, tarehe 31 Mei, juu ya goti. Nakuambia moja kwa moja kwa sababu sijui njia nyingine ya kuliambia. Jumatatu kidole cha mwisho kilikuwa cheusi, Jumatano vitatu. Kinyozi alinibeba mgongoni mpaka barabarani. Daktari alisema ningekuja mwezi mmoja nyuma wangejaribu kuzibua mshipa. Nikamwambia mwezi mmoja nyuma damu ilikuwa inafika, nimepima mwenyewe kila asubuhi, hata asubuhi ile ya kuja. Sare zilibaki tisa.

Nalia, usidhani silii. Lakini wewe usijilaumu hata kidogo. Bila wewe nisingejua chochote, na somo lako halijapotea. Humu tuko wanaume kumi na wawili, nusu yetu tuna matatizo ya miguu, na wote nimewafundisha. Nawaambia weka kidole gumba, bonyeza taratibu, subiri. Gumba ndilo lenye akili. Mimi miaka arobaini napima kitambaa kwa gumba, na gumba halijanidanganya. Asubuhi wodi nzima tumeinama, muuguzi anatucheka. Wote wanapiga vizuri. Dereva wa lori wa kitanda cha nne, ambaye shavu linamkaza kama langu, alikuwa anamsumbua kila mtu aonwe na daktari mkuu. Sasa ametulia. Anasema akipewa ruhusa anaenda zake nyumbani.

Namwambia kila mtu kwamba hili limetoka kwa mpwa wangu.

Mjomba wako

17 Juni

Shikamoo Mjomba,

Usiendelee kusoma mpaka umewaambia wote waache kutumia gumba. Huyo dereva asiende nyumbani. Gumba lina mshipa wake wenye nguvu, na ukilibonyeza popote, hata kwenye ukuta, unaweza kuhisi mapigo ya gumba lenyewe. Wapime kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, na asiyehisi kitu amwambie daktari leo. Nimepiga simu wodini mara nne bila kupokelewa. Barua hii inakuja na basi la leo, kondakta ameahidi kuileta mpaka mlangoni.

Sasa soma. Ulichokuwa unakihisi tangu Machi ni gumba lako. Ni mimi niliyekosea. Niliandika "weka kidole" nikaishia hapo, kwa sababu sikujua kwamba kuna kidole kisichofaa. Mguu nilioujua ulikuwa wa maiti. Maiti haina mapigo, kwa hiyo hakuna aliyetuambia kuyatafuta kwa kidole gani. Niliona njia ya damu kwenye mguu mkavu nikajiona nimekuwa daktari.

Na hilo silo baya kuliko yote. Tarehe 20 Mei walituingiza wodini kwa mara ya kwanza. Nikaweka gumba kwenye mguu wa mgonjwa, mwalimu akanipiga kofi mkononi na kunieleza haya ninayokueleza. Nilikukumbuka pale pale. Jioni nilianza barua. Kesho yake nilikuwa na mtihani, nikajiambia fundi hawezi kutumia gumba, nikaiweka barua chini ya daftari. Ni siku kumi na moja kabla hujakatwa. Barua ile ninayo mpaka leo, ina mistari miwili.

Nimekukosea, Mjomba. Sijui niseme nini kinachotosha. Mkuu wa chuo nimemwandikia kwamba naacha masomo, ila sijampa bado.

Mpwa wako

29 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba.

Barua niliipata siku ile ile, saa kumi jioni. Nilisoma mpaka uliponiambia nisimame, nikasimama. Nilikuwa na siku tatu tu na magongo, nikaanguka kitanda cha pili, wakaniinua, nikaendelea. Vitanda vyote nimevizunguka. Wengine walinikasirikia, wengine walicheka. Dereva wa lori tulimpima pamoja, mimi na muuguzi, kwa vidole viwili. Juu ya mguu kimya, nyuma ya kifundo kimya. Muuguzi akamwita daktari. Kesho yake alipelekwa kwenye upasuaji, wakazibua. Mguu wake upo, unafunikwa na shuka moja na mwenzake, na kila asubuhi ananisalimia kwa heshima ambayo siitaki.

Halafu nilirudi kitandani nikamalizia kusoma.

Kosa la kwanza silihesabu. Hukujua, na mimi nilikuwa na sigara zangu na sare zangu. Lakini hiyo mistari miwili imenishinda. Nimejaribu siku kumi na mbili kuimeza, haishuki. Kinyozi anauliza cherehani alipeleke wapi, sijamjibu, na kila akiuliza nakukumbuka wewe na mtihani wako. Nakupenda kama mtoto niliyemzaa, na nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote.

Karatasi ya kuacha masomo ichane. Nimetoa mguu kwa somo hilo, huwezi kuliacha wewe.

Likizo hii usije. Utakuja siku nitakayokuita, na sijui ni lini. Andika kama kawaida. Nitasoma zote, kujibu siahidi.

Mjomba wako