Shangazi Amenikata kwenye Video ya Harusi

Mwikali, dadangu,

Hamjambo hapo mjini Wote, wewe na kuku wako? Huku Kitengela vumbi linaingia mpaka kwenye chai.

Jana nilimpeleka shangazi mtaa wa Noonkopir, kwa fundi anayemtengenezea video ya harusi ya binti yake. Picha zilizochukuliwa ni zilezile, lakini anataka video mbili: moja yetu, moja ya wakwe wa Kajiado. Fundi anabonyeza tu. Shangazi ndiye anaweka kidole kwenye skrini: "Hapa ruka. Hapa acha. Unganisha."

Si uliniuliza jeni moja inawezaje kufanya kazi moja kwa ini na nyingine kwa ubongo? Ni hivyo. Seli, iwe ya ini au ya ubongo, inanakili jeni kuwa nakala iitwayo RNA, halafu kuna protini zinazoikalia hiyo RNA na kuamua kipande gani kirukwe, kipi kiunganishwe: kwa ini hivi, kwa ubongo vile. Nimesomea hizo protini miaka yote hii, kumbe moja ni shangazi yetu.

Maana nilipotokea nikicheza na keki, alisema, "Huyo ruka." Video zote mbili! Na wewe, ambaye hata hukuja, ile salamu uliyojirekodi kwa simu imeachwa kwa zote. "Huyu Mwikali atawaliza wakwe," akasema, akijipangusa macho.

Mimi ndiye niliyeosha masufuria, Mwikali.

Kula vizuri, usiugue. Nakupenda, lakini leo ni shingo upande.

Dadako aliyerukwa,
Mutheu