Sarafu ya Tembo Iliyonenepa

Alhamisi, Butembo. Ukungu haukuondoka mpaka saa tano, halafu mvua ikachukua zamu. Dukani wameingia watu wawili tu siku nzima, na ningekuwa na raha zaidi kama wasingeingia.

Niseme kwanza ninachofanya, maana wengine mnafika kwenye ukurasa huu kwa kubahatisha. Ninauza sarafu za zamani. Za Wabelgiji, za Zaire, zile zenye tundu ambazo bibi zetu walizifunga kwenye pindo la kitenge. Wanaozitaka ni wa aina mbili. Kuna wakusanyaji wa mbali, ambao huzipata kupitia Papa Katembo, mwenye duka la vitu vya kale kule Beni. Halafu kuna wanunuzi wa dhahabu wa hapa hapa mjini, ambao historia haiwahusu hata kidogo. Wao wanataka uzito. Huweka sarafu upande mmoja wa mizani, dhahabu ya mchimbaji upande wa pili, na sahani zikilingana, biashara imekwisha.

Kwa hiyo kila sarafu naipima kwenye mizani ya umeme kabla haijatoka dukani. Wachimbaji wamezoea kuuliza kama sarafu ilitoka kwa Mama Katungu, na wakiambiwa ndiyo, wanamwaga dhahabu yao bila neno. Nimejivunia jambo hilo kwa miaka, tena kwa sauti.

Juzi shemeji yangu Kasereka, kaka wa marehemu mume wangu, aliniletea sarafu ya tembo, ile isiyo duara, yenye kingo sita. Yeye ni mnunuzi wa dhahabu, na sarafu hiyo nilimuuzia mimi mwenyewe zamani, nikiwa bibi harusi mpya. Alisema amechoka nayo, niipeleke kwa Papa Katembo, Wazungu wanapenda wanyama. Akaongeza kwamba nisijisumbue kuipima.

Mtu akiniambia nisipime, mkono wenyewe unakwenda kwenye mizani.

Ilikuwa nzito kuliko siku nilipomuuzia. Nikatoa nyingine tatu za aina ile kwenye kopo, nikazipima moja moja, nikarudia. Sarafu ikizeeka hulika, hainenepi. Nikaikwaruza kwa sindano upande wa maandishi. Chini ya rangi ya shaba kulikuwa na kitu cha kijivu, laini kama sabuni. Mtu aliichimba mgongo, akamwagia risasi iliyoyeyushwa, akaipaka rangi vizuri juu. Fundi hodari, lazima nikiri.

Maana yake si ngumu. Kila mchimbaji aliyeuza kwa shemeji alitoa dhahabu zaidi ya ile aliyolipwa, na aliitoa kwa kuamini jina langu.

Jana nilimwendea. Hakukana. Alinieleza kwa upole kwamba wachimbaji nao huchanganya mchanga, kwamba hakuna mizani takatifu mjini hapa, na kwamba watu wameanza kunong'ona, ndiyo sababu anataka hiyo sarafu iende mbali. Halafu aliweka kikombe chini akaniuliza:

"Katungu, weye unaikalaka mu nyumba ya nani?"

Nyumba ni yake. Kibaraza ninachouzia ni chake. Watoto wangu watatu wanamwita Papa, na wana haki, kwa maana baba yao alipokufa yeye ndiye aliyewashika mkono. Kwetu Eringeti, tangu vita, shamba limekuwa pori na ndugu wametawanyika, hakuna wa kumrudia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema ufanye nini kama nguo yenyewe ni ya kuazima.

Sasa leo.

Wa kwanza kuingia alikuwa dereva wa pikipiki anayenipelekea mizigo Beni. Aliuliza kama kifurushi cha Papa Katembo kiko tayari, maana anaondoka kesho saa sita. Nikamwambia bado kidogo. Sarafu ya tembo ilikuwa mezani mbele yake.

Wa pili alikuwa Mumbere, mdogo wangu.

Mumbere alichimba dhahabu Mangurujipa miaka sita, na yote aliiuza kwa shemeji kwa sababu ni ndugu. Kila mara, dhahabu waliyoipima kule shimoni kwa njiti za kiberiti ilifika kwenye mizani ya shemeji imepungua. Nyumbani tulicheka. Tulisema dhahabu ya Mumbere inayeyuka njiani. Utani huo niliuanzisha mimi.

Yeye hakucheka. Aliamua kwamba mwenzake wa shimoni, Paluku, ndiye anayechota mfukoni. Paluku huyo ndiye aliyesimama naye siku ya harusi. Mumbere alimwita mwizi mbele ya watu, Jumapili, nje ya kanisa. Paluku aliacha kuchimba, siku hizi anauza sokoni samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge. Wakikutana njiani mmoja huvuka upande wa pili.

Leo Mumbere aliiona sarafu mezani akaiokota. Akaitazama kwa furaha, kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa zamani.

"Hii naijua, yaya," akaniambia mimi dada yake mkubwa. "Hii ndjo ilikuwaka ya kweli. Paluku ndjo aliniibiaka."

Niliichukua mkononi mwake, nikairudisha mezani.

Nikamtilia chai. Akaongea juu ya mvua, juu ya mke wake, juu ya kifua kinachomsumbua. Mimi nilikuwa nimeifunika sarafu kwa kiganja, na aibu imenipanda mpaka masikioni. Alipoondoka nilijiambia kwamba nimenyamaza kwa ajili ya watoto. Ni uongo. Watoto hata sikuwafikiria. Nilifikiria wachimbaji wakiuliza tena sarafu imetoka kwa nani, na kutema mate wakijibiwa ni kwangu.

Nimekaa na jambo hilo mpaka mvua imekatika.

Saa tisa nilimwandikia Mumbere ujumbe: Paluku hakukuibia. Njoo kesho saa mbili, nitapima mbele yenu wote wawili. Ameusoma, hajajibu. Paluku nitamfuata mwenyewe sokoni asubuhi na mapema, kabla hajapanga samaki. Sijui kama atakubali kuja. Mimi nisingekubali.

Kifurushi cha Beni kitaondoka bila tembo.

Halafu nikashusha masanduku kutoka juu ya kabati, nikaanza kufunga nguo za watoto, kwa sababu kesho shemeji atasikia kabla ya saa nne. Nilidhani kazi hiyo itanichukua jioni nzima. Saa kumi na moja nilikuwa nimekwisha maliza, na sanduku moja lilikuwa bado tupu. Sikujua kwamba tuna vitu vichache hivi.