Kocha Anaondoka, Kocha Anabaki

Kwa Dada yangu mpendwa Nasambu,

Pokea salamu nyingi za ndugu yako. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, lakini roho haitulii hata kidogo. Usishangae kupata barua siku hizi za simu. Simu nimeizima, na utajua kwa nini.

Unajua mimi ni kocha wa mpira katika chuo cha ufundi pale Kitengela, mwaka wa nne sasa, na kila mwaka mkataba hutiwa sahihi upya. Mwaka huu ulikawia. Na kuna mtangazaji wa redio anaitwa Mulinge, ambaye hana kazi nyingine ila kunifuta kazi na kuniajiri tena redioni. Vijana wa Kajiado mjini walipotufunga mabao mawili, alisema nimeshafunga virago. Wiki mbili baadaye tukachapa watu wa Rongai manne, akasema chuo kikiniachilia kitajuta. Tukatoka sare, nikafutwa tena kabla sijafika nyumbani! Na uwanja wetu hajawahi kuukanyaga. Nilimchukia, Dada, na bado kila asubuhi nilimsikiliza nikiwa nimesimama, chai ikipoa mkononi. Gedi muuza nyama Jumatatu moja ananiongezea mfupa wa supu, Jumatatu inayofuata ananipa mkono wa kwaheri. Mke wangu Makena akaanza kuuliza watoto watasoma wapi.

Nilipomuuliza Madam Nalotuesha, mkuu wa chuo, habari ya mkataba, alisema nisiwe na wasiwasi. Ai, hapo ndipo wasiwasi ulipozidi.

Ghafla Mulinge akatangaza kwamba chuo kimoja kule Rombo, karibu na mpaka wa Tanzania, kinanitaka. Na safari hii, mtu huyu asiyeshika neno siku mbili akalishika wiki nzima. Jumatatu iliyopita Madam akaniita. Nilidhani naenda kutia sahihi. Nikakuta bodi yote, wachezaji, na mbuzi ameshachinjwa. Madam alisema mkataba wangu ulikuwa tayari mezani kwake, lakini yeye hawezi kumzuia mtu aliyeona malisho mazuri. Wazee wakanivika shuka nyekundu, wakaninyunyizia maziwa, wakaniombea safari. Palepale msaidizi wangu Ouko akapewa timu. Mtu akishabarikiwa hivyo mbele ya watu, atasema nini? Nilisema asanteni, nikala mbuzi. Kesho yake vijana wakanibebea begi mpaka kwa gari, wakiimba.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu. Aliyempigia Mulinge simu ni mimi. Nilibana pua, nikasema mimi ni shabiki kutoka Kware na nimesikia chuo kimoja cha Rombo kinamtaka kocha wa Kitengela. Nilitaka Madam aogope, atie sahihi haraka. Kweli mdomo huponza kichwa. Kazi ilikuwa yangu tayari, nami nikaitupa kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa niko hapa Rombo siku ya tano, kwa chumba cha wageni. Chuo nilichokitaja hakipo, na hakuna mtu anayenijua.

Makena naye anafurahi ajabu. Ameambia kanisa lote, anafunga vyombo, na shule zikifungwa mwisho wa mwezi anakuja na watoto. Kila akipiga simu anauliza nyumba yetu iko na vyumba vingapi. Jana nilimjibu vitatu, ndipo nikaizima. Dada, haki ya Mungu nakuomba, nenda Kitengela ukae naye, umwambie polepole. Nimejaribu mara tatu, na kila mara naona haya, naongeza chumba.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama mwambie niko mzima, na akikuuliza habari ya kazi usimfiche. Uongo wangu umetosha ukoo mzima.

Ni mimi mdogo wako,
Wamalwa