Shimo Lililosogezwa Hatua Kumi

Shangazi,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu ulipokuwa hai hukumsikiliza mtu asiyeamkia, hata awe amekuletea habari ya nyumba kuungua, na sidhani kaburi limekubadilisha tabia.

Wamerudi. Wale wageni wa kanisa, wa kujitolea. Wengi ni wapya, ila kiongozi wao ni yule yule Mama Ruthi, mvi tu zimeongezeka. Fulana za mwaka huu ni za kijani. Wiki haijaisha na wameshalia mara mbili: mara ya kwanza watoto walipowaimbia, mara ya pili sikuelewa sababu, na mimi ndiye mkalimani. Asubuhi wanajenga ukuta wa darasa la pili. Wakienda kula mchana, fundi Athumani anaubomoa na kuupanga upya. Wakirudi wanausifu ulivyonyooka. Hakuna anayewaambia. Kijiji kizima cha Miono kimeificha siri hiyo kuliko siri za unyago.

Juzi walitufundisha kunawa mikono. Sisi, tunaotawadha mara tano kwa siku. Watu wakashukuru, wakanawa. Ungekuwepo ungenawa pia, kisha ungeniuliza kwa sauti ya kufika barabarani, "Hivi hawa maji wameyapata lini kwao?"

Lakini sikuandikii kwa ajili ya kuwacheka. Nakuandikia kwa sababu ya shimo. Na nikisema shimo, lazima nianze na mkutano ule wa miaka minane iliyopita, ambao unaujua kuliko mimi, ila sijawahi kuusema kwa mdomo wangu.

Walikuja kutafuta kiwanja cha chekechea. Mwenyekiti wa kijiji akawapa kipande kile nyuma ya nyumba yako, akasema hakina mwenyewe. Mimi nilikuwa nimevaa kofia yao, nimeshuka kwenye gari lao, kiti cha mbele. Kiingereza nilichokiokota nikiosha vyombo kwenye nyumba ya wageni ya misheni kule Bagamoyo, kwenye vitabu walivyosahau wapitaji, vingi havina kurasa za mwisho, siku ile kilikuwa kimenifanya mtu.

Ukasimama. Wanawake wote mkekani wakainamisha vichwa, maana walijua unachotaka kusema, na walijua hakisemwi. Mtoto aliyezaliwa bila pumzi hatangazwi wala hawekewi jiwe. Mlimzika nyinyi wanawake watatu, ukapanda mhina juu yake, basi. Hata mimi uliyenilea niliambiwa ukubwani, tena mara moja tu.

Lakini ulikisema, mbele ya wanaume. "Pale nimemlaza mwanangu. Jengeni kwingine, nawaomba."

Wageni wakanigeukia. Mwenyekiti akanikazia macho. Nikasema, "Mama anawakaribisha. Anasema watoto wakicheza pale atafurahi."

Wakapiga makofi.

Shangazi, unajua tulivyolelewa. Mgeni hakataliwi usoni. Unamkubalia, unampa chai, na jambo lenyewe linajifia polepole pasipo mtu kulaumiwa. Nilidhani na lile litajifia hivyo. Sikujua kwamba wenzetu hawa ukiwaambia ndiyo, kesho yake wanakuja na majembe.

Njiani ukaniuliza, "We Tatu, umewaambia nini watu wale? Nani hupigia makofi kaburi?"

Nikasema nimewaambia kama ulivyosema.

Ukanitazama. Ukanitazama sana. "Haya, mgeni," ukasema.

Tangu siku ile hukuniita mwanangu tena. Ulinipikia. Nilipougua malaria ulinifulia. "Mgeni, karibu ule." "Mgeni, mvua hiyo, chukua kanga." Majirani walidhani ni utani wetu, wakacheka, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje. Hata siku ya mwisho, midomo imekukauka, ulisema, "Mgeni, nipe maji." Nikakupa. Nikangoja useme neno lingine. Ukanywa, ukageukia ukutani.

Siku ya kufyeka kiwanja, mhina aliung'oa binti mmoja wa wageni, amevaa glavu, akapigwa picha ameuinua kama mtu aliyevua samaki. Nawe ukatoka ndani ukampelekea maji ya mtungini, kwenye kikombe kizuri. Nilikuwa nimesimama palepale. Nilimwambia "Mama anasema karibu," ingawa hukusema lolote.

Darasa lilikaa pembeni, na pale mwanao alipolala pakawa uwanja wa michezo. Kila jioni ulitoka na ufagio wako wa chelewa ukafagia sehemu ile moja, ukaacha kwingine kote na majani yake. Wageni wakakuandika kwenye jarida lao: bibi mmoja wa kijijini naye ameguswa, anajitolea. Niliisoma habari hiyo. Sikukutafsiria.

Ulitaka kulala karibu naye. Tumekuzika makaburini, ng'ambo ya barabara. Kwenye uwanja wa shule hazikwi mtu, alisema mwenyekiti, na mara hiyo moja alikuwa na haki.

Sasa shimo. Jumanne Mama Ruthi alitandaza mchoro mbele ya mkutano. Vyoo vya shule, matundu sita. Nikafuata mistari kwa kidole: darasa, mlango, uwanja. Shimo la choo wamelichora palepale. Safari hii si kufyeka juu, Shangazi. Ni kuchimba, kina cha watu wawili.

Nikasimama nikawaambia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, ili kijiji nacho kisikie. Kwamba pale yupo mtoto. Kwamba mama yake aliwahi kusimama mahali hapahapa akawaomba, na mimi nikayameza maneno yake nikawapa mengine. Halafu nikangoja: gari liwashwe, mradi uhamie kijiji kingine, watu wanizomee hadi nyumbani.

Mama Ruthi akauliza, "Hatua ngapi zinatosha?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nikasema kumi. Akachukua kifutio, akafuta, akachora shimo upande wa pili wa darasa. Chai kwenye vikombe ilikuwa bado inafuka moshi.

Mwenyekiti akacheka. "Kumbe jambo lenyewe dogo hivi! Sasa miaka yote mbona hamkusema?"

"Alisema," nikamjibu. "Na wewe ulikuwepo."

Akaanza kuitafuta simu yake mfukoni.

Mama Ruthi alikuja baadaye, macho mekundu, akataka jina la mtoto aliandike kwenye kibao. Nikamwambia hana jina, na kibao hatutaki. Akauliza basi afanye nini. Nikamwambia asifanye kitu. Naona hilo lilimwia gumu kuliko kubeba matofali.

Kwa hiyo mwanao hataguswa. Sikuletei habari hii kama zawadi, usinielewe vibaya. Miaka minane nilijidanganya kwamba lile lilikuwa jabali, ningelisukuma lingeniangukia mimi na kijiji kizima. Lingekuwa jabali kweli ningekuja kwako na udhuru. Kumbe ni mstari wa penseli. Na wewe umekufa ukiamini kwamba walisikia, wakakataa, wakapiga makofi. Au uliujua ukweli siku ileile njiani. Sijui lipi ni baya zaidi, na wa kumuuliza sina.

Alhamisi kuna mkutano mwingine, wa bomba la maji. Wanawake watasema, na baadhi yao unajua midomo yao. Nakuahidi kila neno litafika lilivyotoka, liwe shukrani, liwe tusi, liwe la msiba, hata kama itabidi wageni wakunje michoro yao waondoke.

Pumzika, Shangazi. Msamaha sikuombi, maana hupo wa kuninyima.

Tatu