Dada Yangu ni wa Chama Changu, Nimtaje?

Mshauri mpendwa, nisaidie kufikiri maana kichwa changu kimegoma. Mimi na dada yangu mkubwa, Araba, tunakaa nyumba moja aliyotuachia marehemu mama hapa Mankessim, tumebaki wawili tu, na sote ni wajumbe wa tawi la chama kimoja, lakini kwenye kura za mchujo yeye alikuwa na mbunge wetu wa siku zote na mimi nilikuwa na Ebo Ansah, kijana mgeni, na Ebo akashinda, basi sisi wa upande wake tukajipaka poda nyeupe ya ushindi na mimi nikacheza kidogo mbele ya mlango wa dada nikipiga sufuria tupu, utani tu, na tangu siku hiyo dada hali chakula changu wala haitikii salamu yangu.

Ajabu ni kwamba Bwana Kwamena, mwenyekiti wa tawi la chama kile kingine, huja kila asubuhi kununua kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, kwa dada na wanacheka! Juzi nimemsikia akisema, "Mama Araba, chama chenu kibovu, lakini pilipili yako ni kiboko." Dada akamjibu, "Kula unyamaze, mwaka huu nusu ya kura yangu ni yako." Nikaelewa: atapiga sketi na blauzi, yaani kura ya kuchanganya vyama: rais wetu, mbunge wao. Sasa vijana wa Ebo wananibana nitaje wasaliti wafukuzwe. "Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Ekua," ndio wimbo wao. Nakipenda chama, nampenda dada, na hili nataka kulijua kweli: inakuwaje anamchekea mpinzani na kuninunia mimi? Nimtaje?

Ekua, Mankessim

Ekua, usimtaje. Ungekuwa karibu ningekushika sikio nikakwambia tena. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Hao vijana wa Ebo wakalime.

Swali lako limenivutia. Kwamena hajamnyang'anya Araba kitu, msimamo wake unajulikana miaka yote. Wewe ulikuwa upande wake, na unayekaa naye benchi moja ndiye anayekukanyaga mguu. Hata hivyo, uchungu wa kushindwa angeumeza. Lakini hiyo sufuria, mama! Umeipitisha haraka katikati ya barua ukidhani sitaiona. Sufuria tupu, mlangoni kwa mwanamke anayeishi kwa kupika? Huo si utani, ni tusi, na pole zangu kwanza nampa yeye.

Vua fulana ya chama, mchukue mzee mmoja wa ukoo wenu, mwende kwa Araba ukaombe radhi kwa ajili ya ile sufuria. Kura usiitaje kabisa. Akikukaripia, nyamaza, umeyataka. Kisha mwambie Ebo aje mwenyewe, bila gari la matangazo, akae kwenye kiti cha wateja na asikilize kilichomuudhi dada yako.

Siku ya kupiga kura nendeni pamoja. Mpishe atangulie, ni mkubwa wako, na akitoka kibandani usimuulize kitu. Chama kikishindwa kitajaribu tena miaka minne ijayo. Dada huna mwingine.