Fundi wa Mafriji Kawa Askofu

Jumapili, 2 Juni

Makubwa! Rais wa kigingi, yule mkubwa wa makanisa yetu yote ya mji huu, katuita ofisini mimi na Fundi wangu. Nikadhani friji la kanisa limekufa tena. Kumbe anamwambia mume wangu awe askofu. Kisha akanigeukia: Dada, unakubali? Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Fundi alikaa kama aliyepigwa shoti. Mtu wa gesi na kompresa! Sasa aongoze waumini, asuluhishe ndoa zao, atembelee wagonjwa. Bila mshahara, na kazi yake pale pale. Kwetu Wamormoni ndivyo ilivyo: leo fundi, kesho askofu, baada ya miaka kadhaa fundi tena.

Sharti ni moja: siri mpaka Jumapili ijayo, waumini watakaponyanyua mikono. Hata mama yake asijue.

Jumanne, 4 Juni

Siri imekufa na kuzikwa. Nimefungua saluni tu, mteja wangu Mama Mapacha kaingia na vigelegele: hongera, mama askofu!

Nikampigia Fundi. Akakiri. Mama yake alimpigia kuhusu friji lake linalovuja, akajikuta amesema; Mama naye kautangazia mtaa. Anajitetea: miaka tisa Mama hajawahi kumuuliza habari za kanisa, akashindwa kujizuia. Nilitaka kumgombeza, nikamhurumia.

Mama Mapacha chini ya mashine ya kukaushia nywele, maswali hayaishi. Askofu ana mke? Mmoja tu? Si ninyi ndio mnaooa hata kumi? Nikamwambia hayo yaliachwa zamani, siku hizi ukithubutu unatolewa kanisani. Na kwa Fundi ninavyomjua, mimi peke yangu namshinda! Akacheka mpaka rola zikadondoka. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, hizo siku za mwisho za kwenye jina la kanisa lenu ni lini hasa? Anataka kujua kama asuke za wiki mbili au za mwezi.

Nikamshauri za mwezi. Biashara ni biashara.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe kaingia! Na kopo lake la majani ya chai, kama kawaida, maana anajua kwetu chai haipikwi, kanisa linakataza. Nikamchemshia. Harufu ile — Mungu anisamehe — bado naipenda.

Ana furaha, sijapata kuona. Tulipobatizwa alilia kama yuko msibani: mwanangu kapotea, katekwa na vijana wahubiri wenye mashati meupe. Tangu hapo kanisa letu analiita “huko kwenu”. Leo kaniita mwanangu! Mimi!

Kisha akafungua begi. Joho! La zambarau, pindo la dhahabu, kalishonesha kwa mshonaji wa kwaya ya kanisani kwake. Fundi akavaa. Mikono ikamfunika vidole. Nikamkazia macho: sema! Akasema, limenikaa vizuri sana, Mama.

Mwoga huyo! Askofu mzima!

Jumamosi, 8 Juni

Nimesema mimi. Nani mwingine? Nilikuwa namchana Mama nywele saluni, hakuna mteja, nikajipa moyo.

“Mama, kwetu askofu havai joho. Atavaa ile suti ya kijivu.”

“Ya harusi?”

“Hiyo hiyo.”

Akauliza gari. Hakuna. Nyumba ya askofu? Hii hii yetu. Chuo je, amesomea wapi mambo ya dini? Hakusoma, Mama, ameitwa. Mshahara?

“Hata senti.”

Nikamaliza kuchana. Mwisho akasema, “Kwa hiyo mchana abebe mafriji, jioni abebe shida za watu.” Nikasema ndiyo. Akaomba kilemba chake.

Jioni kala kidogo, kaenda kulala mapema. Fundi anazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutaga. Hajali joho wala gari. Anachotaka ni kimoja: mama yake amkubali. Nimemwambia kesho Mama atakuja kanisani. Sina hakika hata kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Naandikia koridoni, kwenye kiti cha darasa la watoto, magoti yamefika kidevuni. Siwezi kungoja mpaka nyumbani!

Alikuja. Kakaa mstari wa mbele kabisa. Rais akasoma jina la Fundi: wanaokubali, wanyanyue mkono wa kulia. Msitu wa mikono! Wangu nusura ung'oke begani. Akaendelea kama ilivyo desturi: kama kuna anayepinga, ishara hiyo hiyo. Swali hilo halijibiwi kamwe. Watu huwa wameshafungua vitabu vya nyimbo.

Mkono mmoja juu. Wenye bangili. Wa Mama!

Nilitamani ardhi inimeze. Fundi akainamisha kichwa, masikini. Rais hakutetereka — akasema kwa upole ataonana na mwenye pingamizi baada ya ibada.

Sasa wako ofisini watatu: Rais, Mama na Fundi. Mlango wenyewe mwepesi, nami masikio ninayo.

Mama anasema hana ugomvi na Mungu wao. Mwanawe anarudi kutoka kazini mgongo umekufa, kisha wamtwishe watu wote hawa? Bure? “Na yeye akichoka, nani atambeba?”

Rais anamjibu taratibu. Askofu ana washauri wawili. Na ile mikono, Mama, haikuwa kura ya kumchagua. Kila aliyenyanyua ameahidi kumsaidia.

Mtu anapenga kamasi. Fundi wangu huyo, namjua.

“Kumsaidia?” Mama huyo. “Na mimi nimenyanyua wa kukataa! Mbele ya watu! Mbona hamkusema? Waite warudi, tunyanyue upya.”

Rais anaeleza kwamba utaratibu haurudiwi. Tena watu wameshatawanyika.

Nasikia kiti kinavutwa. Mama anasema basi yeye anakaa hapo hapo, haondoki, na mkono wa kukubali ameshaunyanyua.