Niliiona Laini Ikinakiliwa, Nikasema Sikuona

Bibi wa ushauri, shikamoo, naomba msaada wako maana akili zangu zimefika ukingoni. Mimi ni mkaguzi wa programu za laini za simu, hizi zinazokaa ndani ya simu bila kadi ya kuchomeka, na kazini kwetu kosa lolote lazima lionwe na watu wawili, mmoja anajaribu, wa pili anaangalia halafu anatia sahihi, bila sahihi yake kosa halipo, na mwaka jana aliyejaribu ni mama mmoja tunayemwita Fundi, ndiye aliyenifundisha kazi, akapitia tundu, yaani kasoro ya usalama, alilolikuta kwenye programu, akainakili laini yake kwenye simu nyingine, akaniambia nimpigie, nikapiga, ikaita ile nyingine na yake ikakaa kimya, akanigeukia, "Umeona, mdogo wangu? Mtu anaweza kuvaa namba ya mwenzake kama koti." Niliona, Bibi. Lakini laini zilikuwa zinaingizwa sokoni wiki ileile, mkuu akaniita peke yangu, akagusia kwamba anatafuta msimamizi, kisha akaniuliza kwa upole kama kweli niliona, nikasema sikuona vizuri, basi Fundi akaitwa mzushi, akafukuzwa, nami nikapewa usimamizi. Sasa watu wa nje wameligundua tundu lilelile, ofisini wanasema hakuna aliyelijua, na Fundi nikikutana naye dukani ananiuliza hali ya mama yangu kama zamani. Nimwambie nilichomjibu mkuu, au yaliyopita yapite?

Mimi, Jicho la Pili

Marahaba, wewe Jicho. Darasani sikuingia hata siku moja, barua yako nimesomewa, nikaomba irudiwe pale pa "sikuona vizuri", nikidhani masikio yangu ndiyo mabovu. Kumbe ni wewe.

Yapite yaende wapi? Kila asubuhi unayakalia. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi ninao tisa, wananichosha, ila usiku ukiingia wanalala. Yako hayalali. Nami niliwahi kunyamaza dada yangu akisingiziwa, nikasema nitamwambia kesho. Nilimzika kabla ya hiyo kesho, na uzee wote huu bado namwambia ukutani.

Mambo ya laini siyajui, lakini najua kuna watu wanatembea na simu zenye hilo tundu na wewe ulijua. Kwa hiyo andika leo: siku ile, chumba kile, simu ipi iliita. Tia sahihi uliyomnyima mwenzako. Karatasi ya kwanza mpe Fundi mkononi, nyumbani kwake, si dukani kati ya sabuni. Nyingine wapelekee mabosi wa mkuu wako, na hao wa nje walioligundua tundu. Usibebe zawadi. Wala usimwambie ulitishwa. Hukutishwa, ulitamanishwa.

Wanaweza kukufukuza kazi. Wakufukuze, yeye walimfukuza bila kosa. Msamaha usimdai. Akikufungia mlango, ondoka, usimlilie, ana yake ya kulia. Kisha njoo kwangu, mwanangu. Nitakugombeza upya, halafu nitakupakulia chakula.